Picha ndizo zinazokula bando lako: kinachoendelea ndani ya simu ukiwa Mpanda

Umejiunga bando la buku asubuhi. Kabla ya adhuhuri ujumbe unaingia: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Video hujaangalia, wimbo hujapakua. Umepitia matangazo ya viwanja na pikipiki, ukaangalia stetasi za watu wawili watatu, basi. MB zimekwenda wapi?

Mitaa ya Mpanda, iwe Kashaulili, Makanyagio au Nsemulwa, jibu la haraka ni moja: "wametuibia". Hasira hiyo si ngeni. Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza kutumika nchini, malalamiko mtandaoni yalikuwa makali kiasi kwamba vikasitishwa haraka na vya zamani vikarudishwa. Lakini katika matumizi ya kila siku, mara nyingi mlaji wa bando yuko karibu zaidi kuliko ofisi za kampuni ya simu. Ni picha. Au tuseme vizuri: ni namna programu uliyoifungua inavyozileta picha hizo, inavyozitunza na inavyozionyesha.

Na tofauti kati ya programu iliyotengenezwa vizuri na iliyotengenezwa ovyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Picha ileile ya kitu kilekile inaweza kukugharimu shilingi kumi, au isifike hata senti kumi.

Gunia moja la mchele

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye mchele wa Mwamkulu anayetaka kuutangaza. Anapiga picha ya gunia kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12. Inatoka picha ya pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Pikseli ni vile vidoti vidogo vya rangi vinavyoijenga picha, kama shanga kwenye mkufu. Faili la picha hiyo linaweza kuwa na MB 3.5 hivi.

Mteja wake yuko Inyonga. Simu yake ni ya bei nafuu, kioo chake kina pikseli 720 kwa upana. Kwenye orodha ya bidhaa, picha ya gunia inakaa kwenye kisanduku kidogo, tuseme pikseli 300 kwa 225. Ukizidisha unapata vidoti 67,500. Kama programu ni ya ovyo, simu ya mteja imeletewa vidoti milioni 12, ikaonyesha hivyo 67,500 na vingine ikavitupa. MB lakini ameshazilipia.

Sasa orodha ina bidhaa 30. Zikija picha halisi zote, ni MB 105. Tuseme kwenye bando lake MB moja inamwangukia shilingi 3: amelipa shilingi 315 kwa kuangalia orodha tu, kabla hajabonyeza chochote. Seva ikizipunguza kabla ya kuzituma, kila moja inaweza kuwa KB 25. Orodha nzima inakuwa KB 750, haifiki hata MB moja, gharama yake shilingi mbili na ushee. Gunia ni lilelile, na kwa macho ya mteja hakuna kilichopungua.

Weka na muda. Kwenye mtandao dhaifu wa kilobiti 200 kwa sekunde, ile hali ya alama ya "E" kule juu ya kioo, picha ya MB 3.5 inahitaji dakika mbili na sekunde ishirini. Ile ya KB 25 inahitaji sekunde moja. Huyu wa Inyonga hana sababu ya kusubiri dakika mbili aone gunia. Ataondoka, na muuzaji wa Mwamkulu hatajua kamwe kwamba alikuwa na mteja.

Kuna uzito mwingine ambao hauonekani kwenye salio. Picha ikiwa faili huwa imebanwa, ndiyo maana MB 3.5 zinatosha. Lakini kioo hakiwezi kuonyesha kitu kilichobanwa. Simu lazima iikunjue kwanza ndani ya RAM, na ikikunjuliwa kila kidoti huchukua baiti nne. Vidoti milioni 12 mara nne ni baiti milioni 48. Yaani MB 48 kwa picha moja! Sita zikikaa kwenye kioo kwa pamoja ni MB 288. Kwenye simu yenye RAM ya GB 2, ambayo mfumo wa simu wenyewe na programu nyingine zimeshachukua sehemu kubwa, hapo ndipo kioo kinaganda, simu inapata joto, kisha programu inajifunga yenyewe na kukurudisha mwanzo. Fundi atakwambia simu imechoka. Huenda simu haina tatizo lolote, imebebeshwa tu mzigo usio wake.

Ikikunjuliwa kwa kipimo cha kile kisanduku kidogo, picha hiyohiyo inachukua KB 270. Hiyo ni chini kwa karibu mara 178.

Dakika 40 na bando la mwezi likaisha

Kama unadhani haya ni manung'uniko ya watu wa pembezoni, walioyaandika hadharani ni wahandisi wa Facebook. Mwaka 2013 timu yao ilisafiri kuja Afrika kuangalia programu yao inavyofanya kazi kwenye simu na mitandao ya huku. Wakanunua simu kadhaa za Android, wakaanza kujaribu. Programu ilikuwa nzito, ilijifunga mara kwa mara, na bando la mwezi mzima likaisha ndani ya dakika 40.

Walichokifanya baada ya hapo ndicho ambacho programu nyingi leo zinakiiga. Waliacha kutuma picha ya kipimo kimoja kwa kila mtu, wakawa wanatuma inayolingana na kioo cha simu husika. Wakahamia kwenye aina ya faili iitwayo WebP, ambayo Google iliitangaza mwaka 2010. Kwa ubora unaokaribiana, picha ya WebP huwa ndogo kuliko JPEG ya kawaida kwa asilimia 25 hadi 34. Juni 2015 wakaleta Facebook Lite, programu iliyokuwa na uzito usiofika MB 1 wakati inatoka, maalumu kwa simu ndogo na mtandao wa 2G.

Kuna ujanja wao mwingine wa mwaka huohuo wa 2015 unaostahili kutajwa. Badala ya kumwacha mtu aangalie kisanduku cha kijivu akisubiri picha ya juu ya ukurasa wa mtu, walibana kivuli chake kidogo sana, chenye ukungu, kikaenea kwenye baiti 200 tu. Hiyo ni kama urefu wa meseji moja na kidogo. Kivuli kinafika pamoja na maandishi, kinajaza nafasi, kisha picha halisi inakuja taratibu na kukaa juu yake. Wewe umeshauona ujanja wa namna hii mara elfu: ni ule ukungu kwenye WhatsApp kabla hujabonyeza kupakua picha. Kazi yake si urembo. Unakuonyesha kama ni picha ya risiti, ya mtoto au ya "asubuhi njema", ili uamue kama unaitaka kabla hujailipia.

Kwa nini hili ni kubwa zaidi Katavi

Katavi ilimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958 kwenye eneo linalozidi kilometa za mraba 45,000, wastani wa watu 25 hivi kwa kila kilometa ya mraba. Katikati ya eneo hilo kuna hifadhi ya taifa na misitu mikubwa. Kwa kampuni ya simu hesabu hiyo ni ngumu: mnara mmoja unahudumia watu wachache. Ndiyo sababu nchi ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaotoa ruzuku kwa minara ya vijijini. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 nchini.

Minara inasaidia, hakuna ubishi. Ila mnara mpya hauirekebishi programu mbovu. Ukiwa kwenye treni ya kwenda Tabora, kwenye kile kipande cha reli cha kilometa 210 kutoka Mpanda hadi Kaliua, mtandao unakuja na kukata. Programu iliyojipanga itakuonyesha ulichokiona jana bila shida. Isiyojipanga itakuonyesha duara linalozunguka hadi ufike.

Mtandao wa kukatika una adha nyingine. Picha kubwa ikifika nusu na mtandao ukakata, programu nyingi za ovyo huianza upya toka mwanzo. Ile nusu uliyoipokea umeilipia, na sasa unailipia tena. Picha ndogo inapenya kwenye upenyo wa sekunde mbili tatu za mtandao na kumaliza safari yake.

Kaunta, stoo na Dar

Hapa ndipo tunafika kwenye kitu kinachookoa bando kuliko vyote, na ambacho watu wengi wanakifuta kwa mikono yao wenyewe. Kwenye Android iliyowekwa Kiswahili kinaitwa "akiba".

Fikiria duka la vipodozi pale mjini. Vitu vinavyotoka sana viko kaunta, mkono unavifikia bila kuinuka. Vingine viko stoo nyuma. Ambacho hakipo kaunta wala stoo kinaagizwa Dar es Salaam, kinakuja na basi, na nauli ya mzigo juu. Mwenye duka mwenye akili hawezi kuagiza Dar kitu ambacho kiko stoo.

Programu nzuri inafanya hivyohivyo na picha. Kaunta ni RAM: picha ulizoziona sasa hivi zinakaa hapo zikiwa zimeshakunjuliwa, ukirudi juu kwenye orodha zinatokea papo hapo. Stoo ni memori ya kudumu ya simu: picha zinakaa zikiwa zimebanwa, hata ukizima simu kesho utazikuta. Dar ni seva, na njia ya kufika huko ni bando lako. Kwa hiyo kabla ya kwenda mtandaoni, programu inauliza kaunta, kisha stoo. Ikikosa kote ndipo inaagiza, na mzigo ukifika nakala moja inabaki stoo kwa safari ijayo.

Nafasi ikijaa je? Kanuni inayotumika zaidi ni rahisi: kilichokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa ndicho kinatoka kwanza. Picha ya kiwanja uliyoiangalia mwezi uliopita inatupwa, ya jana inabaki.

Mtengenezaji wa programu hana haja ya kuyaandika haya yote mwenyewe. Kwenye Android zipo maktaba za bure kama Glide, Coil, Picasso na Fresco ambazo zinaleta picha, zinaipunguza ilingane na kisanduku chake, na zinatunza kaunta na stoo. Glide kwa mfano, isipopangiwa vingine, inajiwekea kikomo cha MB 250 kwa stoo yake. Kwa upande wa iPhone zipo SDWebImage na Kingfisher. Kwa hiyo programu inayopakua picha ileile kila ukiifungua haina kisingizio cha ugumu wa kazi. Mara nyingi ilijaribiwa kwenye simu mpya, juu ya Wi-Fi ya ofisi, na aliyeijaribu hakuwahi kuona bando likikata.

Akiba hii inaoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kwenye simu inaoza, na ikioza inaweza kumtia mtu hasara.

Mfano ni bei. Siku hizi bei za mazao, nauli na pembejeo husambazwa kama bango, yaani picha yenye maandishi ndani. Tuseme programu inaonyesha bango la bei ya mahindi. Bei imebadilika, bango jipya limewekwa, lakini kwa jina la faili lilelile. Simu ya mkulima wa Majimoto inaangalia stoo, inakuta faili lenye jina hilo, inamwonyesha. Anauza kwa bei ya wiki iliyopita huku simu mkononi inamwambia hiyo ndiyo ya leo.

Dawa zipo mbili, na zote ni za upande wa watengenezaji. Ya kwanza ni kuipa kila picha mpya jina jipya, ili isiweze kuchanganywa na ya zamani. Ya pili ni kuuliza. Simu inaituma seva alama ya nakala iliyo nayo na kuuliza kama bado ni yenyewe. Kama haijabadilika, seva inajibu kwa namba 304, maana yake "tumia uliyonayo", na jibu hilo halina picha ndani yake, kwa hiyo halina uzito wa maana. Kama imebadilika, inatuma mpya. Lakini kusema kweli, bei ilipaswa kuandikwa kama maandishi tu. Maneno "mahindi" na tarakimu tano ni baiti chache, hayachelewi, na mtu mwenye macho hafifu anaweza kuyakuza.

Kuna kosa jingine la picha ambalo watu hulitafsiri kama utapeli. Unasogeza orodha haraka, unaona picha ya mbuzi juu ya maneno "pikipiki, bei maelewano", kisha baada ya sekunde mbuzi anageuka pikipiki. Chanzo chake ni hiki: ili kuokoa RAM, simu haitengenezi visanduku 500 kwa orodha ya vitu 500. Inatengeneza vichache vya kujaza kioo, na kinachotoka juu kinarudishwa chini kikiwa na taarifa mpya. Utaratibu huo ni mzuri. Tatizo linakuja pale picha ya mwanzo ilipokuwa bado njiani: inafika ikiwa imechelewa na kukaa kwenye kisanduku ambacho sasa ni cha mtu mwingine. Programu makini hufuta oda ya zamani kabla ya kukitumia kisanduku upya. Kwenye mtandao wa kasi kosa hili halionekani kabisa. Kwenye mtandao wa polepole linakaa kwenye kioo muda wa kutosha mtu akapiga simu kuulizia mbuzi.

Unayoweza kufanya leo

Acha kufuta akiba kila siku. Hii ndiyo tabia inayoumiza zaidi, hasa kwa wanaotumia zile programu za "kusafisha simu". Ukifuta akiba unabomoa stoo yote, na picha zote ulizokwisha kuzilipia zitaagizwa upya kwa bando lako. Ifute pale tu simu imejaa kweli, au programu fulani inaonyesha vitu vilivyopitwa na wakati. Hata hapo, fanya kwa programu hiyo moja.

Na uwe makini na kitufe cha jirani yake. "Futa akiba" inaondoa nakala zinazoweza kuletwa tena. Kile cha kufuta data au hifadhi yote ya programu kinaiacha kama imewekwa leo: unatolewa kwenye akaunti, na kwa WhatsApp unaweza kupoteza meseji ambazo hukuzihifadhi kwingine. Hivi viko karibu karibu kwenye ukurasa mmoja, na wapo waliopoteza picha za marehemu wao kwa kubonyeza kisicho chenyewe.

Kwa WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha wa moja kwa moja unapotumia data ya simu. Bila hivyo kila picha ya kila grupu inaingia yenyewe, uitake usiitake. Ukizima unabaki na ule ukungu, na unachagua. Kwa wafanyabiashara wanaotuma: tangu Agosti 2023 WhatsApp ina chaguo la HD. Kwa gunia la mchele au migebuka ya Karema, ubora wa kawaida unatosha kabisa, WhatsApp yenyewe inaipunguza picha kabla ya kuituma. HD iache kwa kitu ambacho mteja lazima akuze aone, kama maandishi ya hati ya kiwanja. Ukituma picha kama "dokumenti" inakwenda na uzito wake wote, na gharama ya kuipokea ni ya mwenzako.

Facebook na programu nyingine kubwa zina hali ya kuokoa data ndani ya mipangilio yao. Android nayo ina Kiokoa Data kinachozuia programu za nyuma zisipakue vitu kimyakimya. Kwenye ukurasa huohuo wa matumizi ya data utaona kila programu imekula kiasi gani mwezi huu. Uangalie mara moja tu. Wengi hushangaa kukuta inayoongoza ni ile wanayoiona ndogo, ya kupitia matangazo.

Kwa anayepita Sitalike kuangalia viboko wa Hifadhi ya Katavi, wanaosongamana kwenye madimbwi ya mto Katuma wakati wa kiangazi, ushauri ni mfupi: piga picha zote kwa ubora wa juu kabisa, ni zako. Kuzipandisha mtandaoni subiri Wi-Fi.

Na kwa vijana wa Mpanda wanaotengeneza tovuti za shule, za maduka na za vikundi vya ushirika: picha ya ukurasa wa mbele yenye MB 5 ndiyo inayowafukuza wasomaji wenu. Ipunguzeni upana hadi ule unaoonekana, ihifadhini kama WebP, na zile za chini ya ukurasa ziambieni zisije mpaka msomaji azifikie. Kwenye tovuti hilo la mwisho ni neno moja tu linaloongezwa kwenye msimbo, "lazy", na Chrome inalielewa tangu 2019.

Namna ya kuipima programu bila utaalamu

Kipo kipimo cha dakika moja, hakihitaji fundi. Fungua programu ukiwa na bando, sogeza orodha taratibu hadi picha kama ishirini zionekane vizuri. Washa hali ya ndege. Ifunge programu kabisa, uifungue tena, kisha upite palepale.

Picha zikitokea, programu ina stoo na inaitumia. Orodha ikija na maandishi lakini visanduku vya picha ni vitupu, ujue kila ukiifungua unanunua picha zilezile upya. Isipofunguka hata kidogo, hali ni mbaya zaidi. Rudia kipimo kwenye programu mbili zinazofanya kazi moja, halafu baki na iliyofaulu. Hiyo iliyoshindwa, kabla hujaifuta, iandikie kwenye maoni ya Play Store ulichokiona, utaje na aina ya simu yako. Maoni yanayosema "mbovu" hayamsaidii mtu. Yanayosema "picha zinapakuliwa upya kila nikifungua, simu RAM GB 2" yanamwonyesha aliyeitengeneza mahali pa kushika.